Suruali ya Jinzi ya Shilingi 13,500: Je, Yastahili Bei Yake?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah Subhanahu wa Taala, aliyemneemesha mwanadamu kwa vazi la kumsitiri na vazi la kumpamba, kisha akamfundisha ya kwamba uchaji Mungu ni vazi lililo bora kuliko yote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, yapata siku kumi kabla ya Idi, baada ya sala ya Isha, mama mmoja alibisha hodi nyumbani kwangu. Ni mwanafunzi wa darsa ya akina mama ya Alhamisi, na ni mwenye kuamka kabla ya alfajiri kuchoma mahamri na kupika mbaazi za kuuza. Mke wangu alimkaribisha, akampa maji, naye hakuyanywa. Alikuwa ameshika mfuko wa karatasi nzito wa dukani, wenye kamba za kitambaa. Akautia mkono, akatoa suruali ya jinzi, akaiweka juu ya mkeka mbele yangu kama mtu awekaye kizibiti mbele ya kadhi.

"Maalim," alisema, "hii ni shilingi elfu kumi na tatu na mia tano."

Kisha akaeleza. Mwanawe wa kiume, kijana wa miaka 19 anayefanya kibarua katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, aliinunua katika duka la fahari upande wa Nyali. Shilingi 7,500 alizikopa kwa simu, mkopo wenye riba. Shilingi 6,000 zilizobaki alizitoa katika mkebe wa mamake bila ya kumwambia. Na fedha zile, ndugu msomaji, hazikuwa za mamake. Yule mama ndiye mshika fedha wa kibati cha wanawake kumi wa mtaa wao. Jumapili iliyokuwa ikija ilikuwa zamu ya mmoja wao, mjane, aliyekwisha kuahidi kumlipia bintiye karo kwa fedha hizo.

"Nataka umwite, Maalim, umwambie mbele yangu ya kwamba jinzi ni haramu. Ukisema wewe atasikia."

Nilinyamaza kwa muda. Ingekuwa rahisi kwangu kusema neno lile. Mama angeondoka ameridhika, na kijana angeinamisha kichwa. Lakini mtu hahalalishi wala haharamishi kwa ajili ya kumfurahisha aliyekuja na machozi. Nikamwambia, "Dada yangu, sina dalili ya neno hilo."

Neno la sharia kuhusu vazi

Asili ya mavazi ni uhalali. Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu anawaamrisha wanadamu wajipambe waendapo kwenye ibada, wale na wanywe, lakini wasivuke mpaka. Na aya inayofuatia inamkemea mwenye kuharamisha pambo ambalo Mola amewatolea waja wake. Hivyo suruali, iwe ya jinzi au ya kitambaa kingine, haiwi haramu kwa sababu ya jina lake, wala kwa sababu ya nchi iliyotoka. Lililo sharti ni sitara: isibane ikachora maungo, isiwe nyepesi ikaonyesha mwili, na isiwe ya kujifananisha wanaume na wanawake au wanawake na wanaume. Binti zetu wengi huvaa jinzi ndani ya buibui, na hilo halina neno, maadamu buibui lenyewe linasitiri.

Imepokewa vile vile katika Sahihi ya Muslim ya kwamba Mtume (S.A.W.) alipotahadharisha juu ya kiburi, mtu mmoja aliuliza kuhusu anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri. Mtume alimfahamisha ya kwamba Allah ni mzuri na anapenda uzuri, na ya kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Na katika Abu Daud kuna habari ya sahaba aliyemjia Mtume katika nguo duni. Akaulizwa iwapo ana mali, akajibu ya kuwa anazo za kila aina. Mtume akamwelekeza kwamba athari ya neema ya Mungu yafaa ionekane juu yake. Kwa hiyo kuvaa matambara ilhali mtu anacho si ucha Mungu.

Lakini upande wa pili upo pia. Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, inawasifu waja wanaotumia bila ya israfu na bila ya uchoyo, wakashika njia ya katikati. Na imepokewa kutoka kwa Ibn Umar onyo kali juu ya vazi la shuhra, yaani vazi ambalo mtu hulivaa ili atazamwe na atajwe.

Basi nikamwambia yule mama: katika jambo la mwanao kuna haramu mbili, na suruali si mojawapo. Ya kwanza ni kuichukua amana ya watu. Ya pili ni riba. Hayo nitamwambia, wala sitamficha. Ama suala la kama suruali hii yastahili fedha hizi, hilo ni suala la kipimo na maarifa, na mwenye maarifa ya nguo si mimi. Niachie suruali siku tatu.

Kabla hajaondoka, mke wangu aliingia chumbani akarudi na shilingi 6,000, akampa karadha, bila ya ziada na bila ya shahidi ila mimi. Jumapili ya mjane ikasalimika. Deni lakini lilibaki, na mdaiwa wake tulimjua.

Kwa fundi wa Mji wa Kale

Asubuhi yake nilikwenda kwa mzee mmoja fundi wa nguo katika Mji wa Kale, Mombasa, ambaye amekaa mbele ya cherehani tangu mimi ni mtoto wa chuoni. Nilipitia Kongowea kwanza, nikanunua jinzi ya mtumba kwa shilingi 450, na dukani nikaazima mpya ya kawaida ya shilingi 2,200. Nikaziweka zote tatu mezani kwake. Nikaziba lebo kwa karatasi.

"Ami," nilimwambia, "nipangie hizi kwa ubora."

Mzee hakuzitazama kwa nje. Alizigeuza ndani nje, zote tatu, akavaa miwani. Alivuta mshono wa mguu kwa vidole gumba viwili aone kama uzi unacheza. Alipapasa mfuko wa mbele kwa ndani, kwa kuwa, asema, mshonaji mwenye kubana matumizi huanza kuiba hapo, pahali mnunuzi hatazami. Alifungua na kufunga zipu. Aliangalia pembe za mifuko na njia ya katikati ya miguu, panapopasuka kwanza.

Kisha akanisomesha. Kitambaa cha jinzi husukwa kwa mshazari, ndiyo maana ukikitazama karibu waona mistari ya kulalia upande. Nyuzi za mtande hutiwa nili, na nyuzi za mshindio huachwa nyeupe. Ndiyo sababu ndani ya jinzi huwa pepe kuliko nje. Na nili haizami hadi moyo wa uzi, hukaa juu juu. Kila msuguo na kila fuo huibandua kidogo, na hapo ndipo jinzi inapopauka magotini na mapajani. Kitambaa kizito, cha aunsi 12 hadi 14 kwa yadi ya mraba, hudumu zaidi kuliko chepesi. Na pamba tupu huvumilia zaidi kuliko pamba iliyochanganywa na uzi wa kunyumbuka uitwao elastani, kwa sababu elastani huchoka kwa joto na kwa sabuni kali, suruali ikabaki na magoti yaliyolegea kama mfuko.

Alipomaliza alizipanga. Ya kwanza kwa ubora aliiweka ile ya mtumba. Ya pili ile ya 13,500. Ya tatu ile ya 2,200, lakini akasema kati ya hizi mbili za mwisho tofauti si kubwa: mishono ya ile ya ghali imenyooka zaidi, zipu yake ni njema, na kitambaa ni laini zaidi mkononi.

Nikaondoa karatasi. Ile ya mtumba na ile ya 13,500 zilikuwa za chapa moja. Chapa sitaitaja. Ya mtumba ilikuwa ya zamani, pamba tupu, nzito. Mpya ilikuwa na lebo ndogo ndani: pamba asilimia 98, elastani asilimia 2.

Mzee alicheka, kisha akanionyesha goti la ile ya ghali, lililochanwa makusudi kiwandani na kuachwa nyuzi zikining'inia. "Ujanani mwangu watu walinilipa kuziba," alisema. "Sasa wanalipa kutobolewa."

Ilikotoka nguo hii

Ni vyema wazazi wakajua asili ya jinzi, kwa sababu ndani yake mna funzo. Karibu na mwaka 1871, katika mji wa Reno, jimbo la Nevada nchini Marekani, mwanamke mmoja alikwenda kwa fundi aitwaye Jacob Davis. Alitaka suruali madhubuti kwa ajili ya mumewe, mtu wa kazi za sulubu, ambaye mifuko yake haikuisha kupasuka. Davis alishona kwa kitambaa kizito cha pamba, na kwenye pembe za mifuko akapigilia vijiribiti vya shaba ili zisifumuke. Suruali ile aliiuza dola 3. Watu wa kazi walipoziona wakazitaka, na Davis, kwa kukosa fedha za kusajili hataza, akamwandikia mfanyabiashara wa San Francisco aliyekuwa akimuuzia kitambaa, Levi Strauss. Hataza ilitolewa kwa majina yao wawili tarehe 20 Mei, 1873.

Angalieni basi, akina mama: nguo hii ilizaliwa kwa sababu ya mke aliyechoka kumshonea mumewe mifuko. Ilikuwa suluhisho la mtu asiye na fedha za kununua suruali kila mwezi.

Ilikaa hivyo kwa miongo mingi, nguo ya wachimba migodi, wachunga ng'ombe na wafanyakazi wa reli. Katika miaka ya 1970 ndipo wabunifu wa mitindo kama Calvin Klein, na mwanamke wa ukoo wa matajiri aitwaye Gloria Vanderbilt, walipoanza kutia majina yao kwenye mfuko wa nyuma. Mwaka 1980 Calvin Klein walitangaza jinzi zao kwa kumtumia Brooke Shields, msichana wa miaka 15, na matangazo yale yalizusha malalamiko hata huko Marekani kwenyewe. Mwaka 2000 ikaanzishwa Los Angeles kampuni ya 7 For All Mankind, na zama za jinzi za zaidi ya dola 100 zikashika kasi. Kitambaa kilikuwa pamba na nili kama zamani. Kilichoongezwa zaidi ni jina.

Nasi watu wa Pwani haya tungepaswa kuyaelewa upesi kuliko wengine. Katika karne ya 19 kitambaa cha pamba kutoka Marekani, merikani, kililetwa na majahazi na merikebu hadi Unguja na kusambaa mwambao wote. Kilipotiwa nili kikaitwa kaniki, na kaniki ikawa vazi la watumwa na watu wa kazi nzito. Utumwa ulipoondolewa, Unguja mwaka 1897 na mwambao wa Kenya mwaka 1907, wanawake waliokuwa watumwa waliivua kaniki wakakimbilia leso zenye rangi na maua, ili asiwepo wa kuwatambua kwa nguo. Walikuwa na haki. Walinunua heshima waliyonyimwa. Wajukuu zetu leo hulipa maelfu kwa nguo ya nili ya mtu wa kazi, tena iliyochanwa, ili watambuliwe kwa nguo.

Fedha zinakwenda wapi?

Huenda mtu akasema: bei kubwa humnufaisha mfanyakazi. Laiti ingekuwa hivyo kila mara. Hapa hapa Kenya, katika viwanda vya EPZ vya Athi River na vya Mombasa, dada na binti zetu wamekuwa wakishona jinzi zinazopelekwa Marekani, biashara iliyopanuka baada ya sheria yao ya mwaka 2000 ijulikanayo kwa jina la AGOA. Mshonaji hulipwa ujira wa kiwanda, na ujira huo haupandi kwa sababu jina litakalobandikwa ni kubwa. Na huenda suruali iliyoshonwa Athi River ikavaliwa Chicago miaka miwili, ikarudi ndani ya robota, ikafunguliwa Kongowea.

Tena kuna jinzi zinazouzwa ghali kwa sababu ya sura ya kuchakaa. Ili kuipata sura hiyo, viwanda vingi vilikuwa vikipuliza mchanga kwa nguvu juu ya kitambaa. Vumbi lake likaingia katika mapafu ya vijana waliokuwa wakifanya kazi hiyo. Nchini Uturuki wengi walipata maradhi ya mapafu yasiyo na tiba, na baadhi yao wakafa, hata serikali ikapiga marufuku njia hiyo mwaka 2009. Na kampuni ya Levi's yenyewe imewahi kukadiria ya kwamba jinzi moja, tangu shamba la pamba hadi mvaaji atakapoacha kuifua, hutumia takriban lita 3,800 za maji. Sisi tunaonunua maji kwa mtungi tunajua lita 3,800 ni nini.

Sasa tufanye hesabu ya dukani. Tuseme kijana avaa jinzi mara mbili kwa wiki, yaani mara 104 kwa mwaka. Suruali ya 13,500 ikidumu miaka 3, kila mvao umemgharimu takriban shilingi 43. Ya 2,200 ikidumu mwaka mmoja na nusu, kila mvao ni shilingi 14. Ya mtumba ya 450 ikidumu mwaka mmoja tu, kila mvao ni kama shilingi 4. Ili ile ya ghali ilingane na ya 2,200, yapasa imvalike zaidi ya miaka 9. Na kijana wa miaka 19 hatakuwa na kiuno kile kile kwa miaka 9, wala mtindo hautamngoja.

Nilimuuliza fundi: ni wapi ubora unapokoma na jina linapoanza? Alisema kwa bei za leo za mjini, kutoka mia chache hadi kama elfu tatu au nne, kila unapoongeza fedha huenda ukaongezewa kitu cha kushikika: kitambaa kizito zaidi, mishono miwili badala ya mmoja, zipu isiyoota kutu. Baada ya hapo, asema, hajui cha kukuonyesha kwa mkono. Hayo ni maoni ya mtu mmoja, lakini ni mtu aliyekula kwa sindano zaidi ya miaka 50.

Kijana na kofia yangu

Siku ya tatu kijana alikuja. Nilimfundisha Juzuu Amma akiwa mdogo, kwa hiyo aliingia kwa adabu, akanipa mkono, akaketi chini. Nilimwambia habari ya amana, akalia. Nilimwambia habari ya riba, akanyamaza. Nilipofika kwenye suruali, nikamweleza ya fundi na ya hesabu, akainua kichwa.

"Maalim," alisema, "naomba ruhusa nikuulize."

"Uliza, mwanangu."

"Hiyo kofia yako ni shilingi ngapi?"

Ndugu msomaji, nilikuwa nimevaa kofia ya viua ya Lamu, ya kushonwa kwa mkono. Niliinunua shilingi 8,000. Chumba kilinyamaza. Mke wangu, aliyekuwa nyuma ya pazia, alikohoa.

Nilianza kujitetea. Nilimwambia ya kwamba kofia ile ilishonwa tundu kwa tundu kwa muda wa miezi, na ya kwamba fedha zangu zilimfikia aliyeishona mkononi mwake. Nikamwambia kuwa nimeivaa miaka 11 na bado ni kofia. Hayo yote ni kweli. Lakini kijana aliniuliza tena, kwa upole, "Na ungekuwa hujulikani ni sheikh, Maalim, ungeinunua?"

Sikuwa na jibu la haraka, na jibu la polepole halikunipendeza. Nilikumbuka siku niliyoinunua. Ilikuwa ni kabla ya Maulidi, nami nilijua nitaketi safu ya mbele. Nikamwambia, "Sehemu niliinunua kwa sababu ni kazi njema. Na sehemu, Mungu anisamehe, kwa sababu ya safu ya mbele."

Baada ya hapo tulizungumza vizuri zaidi. Akanieleza jambo ambalo hakumwambia mamake. Katika harusi moja mwezi uliopita, mbele ya vijana wenzake, mmoja wao aliigeuza lebo ya suruali yake ya mtumba akaisoma kwa sauti, kisha akanusa. Watu wakacheka. Mamake alikuwa ua wa pili akigawa biriani. Tangu siku ile, asema, kila apitapo mbele ya baraza la wale vijana huhisi kunuswa.

Hapo nilifahamu ya kwamba zile shilingi 13,500 hazikununua pamba. Zilinunua kinga ya kicheko. Na kicheko kile, ukikipima kwa ile hadithi ya kiburi, ndicho kiburi chenyewe: kuwadharau watu. Mwenye kosa la kwanza hakuwa aliyenunua suruali, bali aliyeinusa ile ya kwanza, na pamoja naye sote tuliomlea aone kuwa jambo lile ni mzaha.

Nyumbani kwetu

Kwa hiyo maneno yangu ya sasa ni kwetu sisi wazazi, na nitasema bila ya kuficha. Watoto wetu hawakujifunza haya kwa watu wa Los Angeles peke yao. Wametusikia tukiuliza, "Buibui hili la Dubai au la hapa?" kabla ya kumjibu mgeni salamu. Wameona sare za harusi zikipangwa, kila shughuli na sare yake, na mama asiye na uwezo akikopa au akisingizia homa ili asiende. Wametuona sisi wanaume tukimpisha mbele mwenye kanzu ya Omani, na mzee wa kanzu iliyopauka tukimwacha mlangoni. Mtoto anasoma kwa macho kabla hajasoma kwa masikio.

Sharia imemlazimisha mume kumvika mkewe na watoto wake, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, kama ilivyo maana ya aya ya 7 ya Sura ya At-Talaq. Kadiri ya uwezo, si kadiri ya jirani. Mwenye wasaa akinunua jinzi ya 13,500 kwa fedha zake za halali, baada ya zaka na baada ya haki za jamaa zake, hana dhambi kwa bei peke yake. Aangalie moyo wake tu. Asiye na wasaa asilazimishwe na macho ya watu. Na mwenye kuitaka kwa mkopo wa riba au kwa amana ya mwenziwe, huyo hata ingekuwa ya shilingi 200 ni ghali kwake.

Kwa mwenye kununua, haya ndiyo niliyoyapata kwa fundi:

Igeuze ndani nje kabla ya kuuliza bei. Mshono wa mguu na wa katikati uwe wa uzi mara mbili, na usiache mwanya ukiuvuta.

Papasa kitambaa cha mifuko. Kikiwa chepesi kama shashi, funguo zitakitoboa mapema.

Soma lebo ndogo ya ndani. Kwa uimara, chagua pamba tupu au yenye elastani kidogo sana.

Jaribu zipu mara kadhaa. Hewa yetu ya chumvi huiotesha kutu zipu ya chuma rahisi, na suruali njema hutupwa kwa ajili ya zipu.

Usifuate uzito kupita kiasi. Kitambaa kizito kabisa kilikusudiwa nchi za baridi. Katika joto la Kaskazi kitakutesa. Wastani ndio unaofaa kwetu.

Ya mtumba, itazame mapajani kwa ndani ukiielekeza kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya, iache. Ukiichukua, ifue mara mbili kabla ya kuivaa, uikaushe juani vizuri siku hiyo ya kwanza.

Baada ya hapo ifue kwa maji baridi, ndani nje, uianike kivulini. Nili na elastani zote mbili hazipendi jua kali.

Mwisho wa habari

Msomaji atataka kujua yaliyokuwa. Duka halikukubali kuirudisha suruali kwa kuwa ilikwisha kuvaliwa. Kijana akaiuza kwa rafiki yake, akapata shilingi 5,000 tu. Zote zikaenda kupunguza mkopo wa simu, ili riba isizidi kuzaa, na kilichobaki alikimaliza kwa ujira wa mwezi ule. Karadha ya mke wangu ameilipa kwa shilingi 1,000 kila mwezi, na ya mwisho aliileta wiki iliyopita, noti imekunjwa kwa adabu ndani ya bahasha. Mamake aliwaeleza mwenyewe wale wanawake tisa yaliyotokea, ingawa fedha zilikuwa zimetimia na wasingejua. Mmoja aliondoka katika kibati. Wanane walibaki, na mkebe ukaachwa kwake.

Siku ya Idi nilimwona kijana katika uwanja wa sala amevaa kanzu yake ya mwaka jana, imepigwa pasi. Alikuwa ameketi karibu na wale vijana wa baraza. Sikusikia walilomwambia.

Na ile jinzi ya mtumba ya shilingi 450 niliyoinunua kwa ajili ya kupima, nilimpa yeye. Fundi aliipunguza kiuno, akakataa malipo. Ama kofia ningali nayo, naivaa. Lakini Ijumaa hizi, nikiwa si mwenye kuhutubu, najaribu kuketi safu ya tatu.

Twamwomba Allah Subhanahu wa Taala atujaalie riziki ya halali, atusitiri kwa vazi na kwa tabia, na atuepushe na kudharauliana. Amin. Wabillahi tawfiq.